Asante dada wa foleni ya kliniki
Jamani naomba nimshukuru dada mmoja hata jina simjui, tulikuwa foleni ya chanjo ya surua hapa Mwanza, mwanangu wa miezi tisa analia balaa, nyonyo kagoma, mgongoni kagoma. Yule dada akatoa kijitabu cha picha kwenye pochi, akampakata, akamwonyesha kuku, akawika "kokorikoo" alafu akanyamaza kumsubiri, na mtoto akajibu kwa sauti yake! Ukurasa huohuo akaurudia weee, mtoto alipotafuna kona akasema muache, ndo anavyokijua. Akaniambia usingoje aanze shule, msomee sasa hivi, maneno mengi bado haelewi ila sauti anazishika. Na kitabu akatuachia. Dada Mungu akubariki sana. Wenye vitabu ambavyo watoto wenu washavipita, wapelekeeni wamama kliniki jamani.