Mwanangu, maneno yale hayakuwa ya dada yako peke yake

Mwanangu,

Nimesikia habari ya mwenzako aliyempa binti wa watu mimba kisha akazima simu. Tangu hapo usingizi umenipaa. Sikufananishi naye, lakini Jumapili unaondoka na kuna jambo sijawahi kukwambia.

Dada yako nilimwambia mpaka akaziba masikio: jitunze, subiri, wanaume si wa kuamini. Wewe ulikuwa umekaa papo hapo, na sikukugeukia hata siku moja. Sijui ulidhani wanaume hao ni akina nani.

Basi na wewe, subiri. Bado naamini kusubiri ndiko bora. Ila nimesoma kwamba kumwambia kijana “subiri” na kuishia hapo hakumfanyi asubiri. Mwongozo wa UNESCO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa wa mwaka 2018 unaeleza kuwa kumfundisha kijana mambo haya kwa ukamilifu hakumsukumi kwenye ngono. Na mimi miaka yote niliogopa kukufumbua macho.

Ukishindwa kusubiri, kondomu, kila mara, na iwe mfukoni mwako, usingoje msichana aje nayo. Ikipasuka, usimwachie hofu. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba humezwa ndani ya siku 5, na kadiri mnavyowahi ndivyo vinavyosaidia zaidi. Dawa za kukinga VVU, ulizia PEP, huanzwa kabla ya saa 72 kupita, kisha humezwa kwa siku 28. Nenda naye kituo cha afya. Asiende peke yake, mwanangu.

Akinyamaza, hajakubali. Akilewa, hawezi kukubali. Sisi tulilelewa tukiambiwa kimya cha msichana ni jibu, na nimewahi kulitamka hilo mbele yako. Lifute.

Una huruma. Namna ulivyomuuguza babu yako, hilo hukufundishwa na mtu, na najivunia. Lakini tangu utotoni, ukiharibu kitu unakwenda kulala mapema. Hapo ndipo ninapoogopa. Mwaka 1994 huko Cairo mataifa yalikubaliana kwamba kila mtu ana haki ya kuamua, kwa uhuru na kwa kuwajibika, apate watoto wangapi na lini, na apewe maarifa ya kumwezesha. Watu hushika neno “uhuru”, neno “kuwajibika” wakaliacha hewani. Hayo maarifa ndiyo niliyokunyima. Mimba ikiingia, usizime simu. Mwili ni wake na uamuzi ni wake, lakini wewe uwepo.

Shati lako jeupe nimelishona kifungo. Ufunguo wa kabati mwachie dada yako, na kabla hujaondoka kaza lile bomba la uani, baba yako mgongo haujapona.

Simu yangu siizimi usiku. Piga hata kama umekosea. Ukikosea ndipo upige upesi zaidi.

Mama yako