Damu Iliyoganda Ndani ya Aota Iliyotanuka Si Kiraka

Wateja wanaotoka chumba chetu cha ultrasaundi na majibu ya aota iliyotanuka hutuuliza mara kwa mara iwapo damu iliyoganda ndani yake haijaziba udhaifu wa ukuta na kuukinga usipasuke. Tunalielewa tumaini hilo, lakini hatuwezi kulithibitisha.

Aota, yaani mshipa mkuu unaoteremsha damu kutoka moyoni, huwa na kipenyo cha takriban sentimita 2 tumboni, na ukifika sentimita 3 huhesabiwa kuwa umetanuka. Hapo damu hupungua kasi, huzungukazunguka kandokando ya ukuta na kuganda tabaka juu ya tabaka. Kwenye skrini huonekana duara jeusi, ambamo damu ingali inapita, na kando yake tabaka la kijivu lenye umbo la mwezi mwandamo, nene upande mmoja na jembamba upande mwingine. Hilo la kijivu ndilo bonge lenyewe.

Ukuta wa aota hupata sehemu ya oksijeni yake kutoka kwenye damu inayopita ndani, kwa hiyo bonge nene huunyima hewa hiyo, huku chembe nyeupe zilizonaswa ndani ya bonge zikitoa vimeng'enya vinavyokula nyuzi zinazoupa ukuta uimara. Ni kweli kwamba mahesabu ya kihandisi huonyesha bonge likipunguza mkazo kidogo, lakini msukumo wa damu hulipenya hadi ukutani, na ukuta ulio nyuma yake mara nyingi umekwisha kuwa mwembamba.

Ndiyo maana sisi hupima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, bonge likiwemo. Anayepima njia ya damu peke yake anaweza kuandika sentimita 3 mahali penye 6, na kosa hilo ni zito mno, kwa kuwa upasuaji kwa kawaida hufikiriwa kuanzia sentimita 5.5 kwa wanaume na 5 kwa wanawake.

Tunawasihi hasa wanaume waliotimiza miaka 65 na waliowahi kuvuta sigara waje wapimwe wakiwa wazima. Lakini mwenye aota iliyotanuka akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, au akizimia, asiletwe kwetu kupimwa kwanza. Apelekwe moja kwa moja hospitali yenye madaktari wa upasuaji.