Barua ya malalamiko: sukari ya saa 12 jioni iliyoandikwa saa 8 mchana

Kijitonyama,
Dar es Salaam.
10 Machi 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Huduma za Uuguzi Nyumbani,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HUDUMA ALIYOPEWA MAMA YANGU KUANZIA 17 FEBRUARI HADI 7 MACHI 2025

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mama yangu ana miaka 71, ni mgonjwa wa sukari, na Desemba alipata kiharusi kilichompooza upande wa kushoto. Tuliposaini mkataba nanyi tarehe 3 Februari, mliahidi muuguzi aliyesajiliwa, mwenye leseni hai, kwa muda wa saa 12 kila siku, kwa Sh 1,350,000 kwa mwezi. Muuguzi wa kwanza alikuwa hivyo hasa. Akifika ananawa mikono kabla hata hajamwamkia mama. Anapima sukari, anasubiri uji uwe mezani, ndipo anachoma insulini. Alikaa wiki mbili tu. Tarehe 17 mkamhamisha bila hata ujumbe wa simu, akaja binti mwingine mwenye sare ileile na beji ileile iliyoandikwa "Muuguzi".

Ijumaa tarehe 7 Machi nilitoka kazini mapema kwa ajili ya maandalizi ya futari, nikafika nyumbani saa 8 na dakika 20 mchana. Binti akanipokea kwa sauti ya chini: "Dada, bibi amelala vizuri sana leo, nimemwacha apumzike." Nikaingia chumbani. Kanga ya mama ilikuwa imelowa jasho mpaka kwenye mto, mikono ya baridi, na nilipomwita alinijibu nusu neno. Nikampima sukari mwenyewe: 2.9, imeshuka mno. Uji wake wa mchana ulikuwa ndani ya chupa ya chai tangu asubuhi, haujaguswa.

Insulini anayochomwa mama ni ile ya mchanganyiko, ambayo sehemu yake moja hufanya kazi haraka na nyingine huja kupata nguvu saa kadhaa baadaye, yaani mchana. Akikosa chakula cha mchana, sukari inaporomoka. Muuguzi wa kwanza alinieleza hilo siku ya pili tu ya kazi. Nilimkalisha mama wima, nikamkorogea sukari vijiko vinne vya chai kwenye maji, nikamnywesha kidogo kidogo nikiogopa asipaliwe, maana tangu augue kumeza kwake ni kwa taabu. Baada ya dakika 15 nikapima tena: 5.4. Akafumbua macho akauliza kama adhana ya Alasiri imeshatoka.

Hapo ndipo nilipofungua daftari lenu, lile ambalo muuguzi huandika kila alichomfanyia mama. Ilikuwa haijafika saa 9, lakini saa 10 jioni mama alikuwa ameshageuzwa ubavu wa kulia, na saa 12 jioni sukari yake ilikuwa 7.8. Yote yamo, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mzuri.

Jioni ile nilikaa chini nikahesabu. Kuanzia tarehe 17 daftari lina vipimo 57, vitatu kila siku, pamoja na hicho cha jioni iliyokuwa haijaingia. Kopo la vijiti 50 vya kupimia sukari nililinunua siku hiyohiyo ya tarehe 17, na hatujanunua jingine. Vimebaki 35, na viwili nimevitumia mimi. Kwa hiyo mama amepimwa mara 13. Kumbukumbu ya mashine ya kupimia nayo, ukitoa viwili vyangu, inasema 13, na cha mwisho ni cha asubuhi ya tarehe 2 Machi. Siku tano zilizofuata alichomwa insulini asubuhi na jioni bila mtu kujua sukari yake iko wapi.

Tulipomgeuza kumwogesha tukakuta na kidonda cha kulalia, chini ya kiuno, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Ngozi imeshachubuka, na juu yake imepakwa poda. Mkataba unasema ageuzwe kila baada ya saa mbili na ngozi ikaguliwe kila siku. Daftari linasema yote yalifanyika. Pampasi ya mwisho alikuwa akiibadilisha binti kabla ya kuondoka, na ya asubuhi akifika. Usiku mimi nilikuwa namgeuza mama gizani ili nisimkatishe usingizi. Hilo kosa ni langu na ninalibeba. Kila usiku nilikuwa nasoma daftari lenu, naona 7.2, naona 6.9, naona 8.1, nalala usingizi mnono.

Nataka mnielewe vizuri kuhusu binti huyu. Sina ugomvi naye. Alilia kuliko mimi, na akanieleza bila kulazimishwa kwamba amemaliza kidato cha nne, hajasomea uuguzi popote, alielekezwa siku moja ofisini kwenu, na aliambiwa daftari lisiachwe na nafasi wazi kwa sababu "wateja huwa wanakagua". Mama anampenda, alikuwa akimsuka na kumsikiliza. Angekuja kama msaidizi wa kuogesha na kulisha, chini ya muuguzi wa kweli, nisingekuwa na neno. Mkimfukuza ili mseme mmechukua hatua, mtakuwa mmenikosea mara ya pili.

Mwenye kujibu ni msimamizi wenu. Saini yake ipo kwenye safu ya ukaguzi kila Jumatano, majuma matatu mfululizo. Sisi tunakaa kwenye ghorofa zenye mlinzi, na kila mgeni anaandikwa getini. Nimelipitia daftari la getini kuanzia tarehe 17 Februari: jina lake halimo hata siku moja. Nilipompigia Ijumaa ileile alisema, "Dada yangu, sukari ya wazee hupanda na kushuka, ni kawaida," kisha akanipa ofa ya siku tatu za bure. Mama yangu si kifurushi cha simu hata aongezewe siku.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 hairuhusu mtu asiyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga afanye kazi ya muuguzi. Mliomvisha beji ile mlilijua hilo, maana kwenye mkataba mliandika wenyewe neno "aliyesajiliwa" na mkaweka bei yake.

Kwa siku 19 nililipia muuguzi ambaye hakuwapo. Kwa Sh 45,000 kwa siku, hiyo ni Sh 855,000, na nataka zirudi zote. Gharama za kutibu kidonda hadi kifunge ni zenu pia. Risiti nitawaletea kadiri zinavyopatikana. Nataka kwa maandishi namba ya usajili ya kila mtu mliyemleta nyumbani kwetu, na maelezo ya msimamizi kuhusu saini zile tatu. Na muwapigie wateja wenu wengine leo, hasa wenye wagonjwa wanaochomwa insulini. Waambieni wahesabu vijiti. Nina hakika si nyumba yetu peke yake.

Jambo dogo lakini nisiliache: sindano zilizotumika nimezikuta ndani ya mfuko laini wa taka jikoni. Vijana wanaobeba taka mtaani kwetu hawana glavu. Hamkuwahi kuleta sanduku la kutupia sindano, wala kuulizia.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Yasipokuja, nakala ya barua hii na picha za kurasa za daftari zitakwenda kwa Msajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa sasa mdogo wangu amechukua likizo anakaa na mama. Daftari, kopo la vijiti na mashine ninavyo mimi, kabatini. Mkitaka kuvikagua karibuni baada ya saa 2 usiku, mtaviona hapahapa sebuleni. Kutoka navyo hamtatoka.

Wenu,

Mtoto wa mteja, Kijitonyama