Watoto wa kompyuta wasiishie kuitwa majiniasi tu

Mhariri naomba nafasi kidogo. Tukisikia mtoto kafanya maajabu kwenye kompyuta tunamwita jiniasi afu basi. Arfa Karim wa Pakistan alipata cheti cha Microsoft mwaka 2004 akiwa na miaka 9 tu, kipaji kweli kile, lakini bila kompyuta ya kushika nani angekiona? Wa kwangu ana miaka 11, anajifunza mwenyewe kwa Scratch, programu ya watoto ya kutengeneza michezo na katuni kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure, juzi paka wake kwenye skrini aligoma kuruka, akakaa masaa mawili anabadilisha namba mojamoja mpaka paka akaruka. Wazazi jamani tusiwafokee tukidhani wanacheza, kaa naye, muulize hii inafanyaje kazi.