Weka muziki mpya, lakini mlango wa Peugeot usikatwe

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba vijana wa siku hizi wanayaharibu magari ya kale kwa kuyatia redio za kisasa, na kwamba gari la mwaka 1972 libaki na redio yake ya 1972 hata kama haishiki stesheni yoyote. Mimi ni fundi wa redio hapa Majengo, Mombasa. Kazi hii niliianza bado watu wanaleta redio za valvu, ukiwasha unangoja zipate moto ndipo zitoe sauti, na siku hizi riziki yangu kubwa inatoka kwa hao hao wenye magari ya kale wanaotaka muziki. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima, maana nusu ya maneno yake ni kweli.

Nianze na hiyo nusu. Juzi nililetewa Peugeot 504 saluni ya rangi ya maziwa, mali ya mzee mmoja wa Kizingo. Mwanawe alikuwa ameipeleka gereji fulani ikafungwe saundi. Milango yote minne ilikatwa kwa grainda matundu ya spika za inchi sita na nusu, na dashibodi ikatanuliwa kwa msumeno ili skrini ya inchi saba iingie. Nilipofungua jalada la mlango wa dereva, ukingo wa tundu ulishashika kutu, rangi haikupakwa hata tone, na koni ya spika imelowa chapachapa. Waliokata hawakujua kwamba ndani ya mlango wa gari hupita maji. Mvua ikipiga kioo, ule mpira wa nje hauzuii yote. Mengine huteremka ndani ya mlango na kutokea kwenye vijitundu vilivyo chini kabisa. Ndiyo maana kiwandani waliweka nailoni nyuma ya jalada. Ukiichana nailoni hiyo na kukata chuma, maji yatafika kwenye spika, kisha kwenye zulia. Na kwa hewa yetu ya chumvi, bati lililokatwa bila kupakwa rangi halimalizi masika mawili.

Mlango wa 504 huendi dukani ukaununua hivi hivi. Ufaransa iliacha kuunda saluni hiyo mwaka 1983. Sisi Kenya tuliendelea kuunganisha 504 mpaka 2004, lakini leo mlango mzima usio na kutu unautafuta kwa wauza skrepu na huenda usiupate. Gari hili ndilo lililompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally 1975, na mkubwa wake, 404, ndilo lililowapa ushindi huo Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania mwaka 1966 na tena 1967. Kulikata grainda kwa ajili ya besi ni ukosefu wa adabu. Hapo niko na msomaji wako bega kwa bega.

Tunapoachana ni kwenye redio isiyoshika kitu. Redio nyingi za magari ya miaka ile zilipokea mawimbi ya kati, nyingine na mawimbi mafupi, kwa sababu matangazo yalikuwa huko. Kituo cha kwanza cha FM cha watu binafsi Kenya, Capital FM, kilianza 1996, na leo karibu kila anachotaka kusikiliza dereva kiko FM au kwenye simu yake. (Walionunua gari lililotoka Japani wanaijua adha inayofanana na hii: redio zao zinaanzia megahezi 76 na hazifiki juu, na sisi stesheni zetu ni 88 hadi 108.) Kumwambia mzee asafiri Mombasa hadi Voi akisikiliza mkwaruzo, eti kwa kuheshimu historia, ni kumwonea.

Basi mimi hufanya hivi. Chochote ninachofunga lazima kifunguke kwa bisibisi na spana, na gari libaki halina tundu jipya hata moja. Redio ya kale ina nobu mbili, katikati kioo cha namba chenye sindano, na chini yake vitufe vitano. Naichomoa, nafungua bati lake. Nyuma ya nobu ya sauti kuna kifaa chenye miguu mitatu: mmoja ni ethi (unaoungwa na bati la gari), wa kati unapeleka sauti kwenye amplifaya, na wa tatu unapokea sauti kutoka sehemu inayoshika mawimbi. Waya wa huo mguu wa tatu naung'oa, na mahali pake naleta sauti ya kipokezi kidogo cha Bluetooth, ukubwa wake kama stempu. Kushoto na kulia nazichanganya kwa rezista mbili za kilo-ohm moja, kisha naweka kapasita ya mikrofaradi moja ili umeme wa moja kwa moja usipenye. Simu ikipiga muziki, sauti unaipandisha kwa nobu ile ile aliyoishika marehemu baba yako. Taa ya kioo inawaka, sindano inatembea ukiizungusha. Msomaji wako akipita Majengo nitampandisha gari mojawapo, anionyeshe kilichoongezwa bila kupiga magoti na tochi.

Njia hiyo inatoa sauti ya mono, yaani kushoto na kulia ni sauti moja, na zile transista za germaniamu zina wati chache tu. Kwa mtu anayetaka taarabu ya polepole jioni akivuka daraja la Nyali, inamtosha kabisa. Anayetaka zaidi, natoa tumbo lote la redio na kuweka bodi mpya yenye FM na amplifaya ya njia nne, yaani ya spika nne. Sandukuni wataandika wati 45 kwa kila njia. Ukweli ni kama 15 hadi 20, na ni nyingi kwa gari. Mashine ya asili naifunga kwenye magazeti (utanisamehe Mhariri, mara nyingine ni lako), naitia kwenye mkebe na kumkabidhi mwenyewe. Siku akiuza gari, mkebe uende nalo.

Wala jambo hili si la mafundi wa Majengo peke yao. Blaupunkt wenyewe, watengeneza redio wa Ujerumani, wameitoa upya redio yao ya Bremen ya miaka ya 1980, uso wa zamani, ndani Bluetooth na redio ya dijitali. Porsche nao wanauza redio ya nobu mbili na skrini ndogo katikati, inayoingia kwenye tundu la redio la magari yao ya kale ya 911. Bei zake ndizo zinazotuweka sisi na solda zetu kazini.

Spika zipo mahali pengi pa kukaa pasipo kukata mlango. Shelfu ya nyuma nailazia ubao wa plaiwudi uliovikwa kitambaa cha rangi ile ile, na spika ziko chini ya kitambaa. Chini ya viti vya mbele panaingia vikasha vidogo vinavyobanwa na bolti za kiti zenyewe. Pembeni mwa miguu, chini ya dashibodi, pana nafasi pia. Pwani chagua koni ya plastiki, ya karatasi inaoza. Chini ya zulia laza mpira mzito wa kuzuia mtetemo kabla hujafikiria kununua wati nyingine. Nusu ya kinachoitwa sauti mbaya katika magari haya ni bati linalotetemeka.

Sasa umeme, na hapa ndipo gereji za saundi zinapochoma magari. Morris Minor nyingi na Land Rover nyingi za Series II ni za ethi ya chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio ulioungwa kwenye bodi. Redio mpya, bati lake ni hasi. Ukiikaza kwenye dashibodi ya Morris na kuipa umeme, umekutanisha chanya na hasi kwa mkono wako, na fyuzi isipokatika waya unawaka. Hata chaja ya simu ukiichomeka kwenye tundu la sigara inapata umeme kinyume, inakufa. Kuna wanaogeuza gari zima liwe ethi ya hasi: unageuza betri, unabadilishana waya mbili za koili (inayozipa plagi cheche), kisha unachomoa waya zilizoandikwa D na F kwenye dainamo (mashine inayochaji betri) na kuigusisha F na chanya ya betri kufumba na kufumbua, cheche moja au mbili, ili sumaku yake igeuke. Inafanya kazi. Lakini gari linalopelekwa Nairobi kwenye mashindano ya uzuri wa magari, Concours d'Elegance, pale uwanja wa farasi wa Ngong Road, mimi naliacha kama lilivyozaliwa. Redio naitia kwenye kisanduku cha mbao kisichogusa bodi, waya zake mbili zinatoka moja kwa moja kwenye betri zikiwa na fyuzi, na spika pia zisiguse chuma. Eriali nayo itengwe, maana ganda la waya wake ni ethi ya redio. Wengi wanaisahau hiyo na wanabaki kushangaa moshi umetoka wapi.

Halafu kuna kiasi cha umeme wenyewe. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, mwisho wake ni ampea 22, tena injini iwe mbio. Taa kubwa mbili za wati 45 zinakula ampea saba na nusu, koili tatu au nne, waipa mbili na ushee. Kinachobaki ndicho cha muziki. Injini ikiwa taratibu dainamo haitoi cha maana, mzigo wote unabebwa na betri. Weka amplifaya iliyoandikwa wati 1000, kisha ukae foleni ya feri Likoni saa moja ya jioni, taa zinawaka na muziki umekolea. Feri ikifika, utatafuta vijana wa kusukuma. Ukitaka besi nzito, kwanza badili dainamo uweke alteneta, ndugu yake mpya mwenye nguvu zaidi. Ziko hata zilizoundwa na umbo la dainamo kwa ajili ya kazi hii.

Kelele za injini ndani ya spika zina dawa pia. Mlio mwembamba unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta ni wa alteneta, na mara nyingi huisha ethi ya redio na ya amplifaya zikikutana mahali pamoja. Ile tra-tra-tra inatoka kwenye plagi: vika plagi kofia zenye rezista ya kilo-ohm tano, na funga kapasita upande wa koili unaopokea umeme kutoka swichi, usiguse ule unaokwenda kwenye kontakti za distribyuta. Eriali ya asili ya kromu usiitupe. Kwa FM ivute mpaka kama sentimita 75, hapo ndipo inaposhika vizuri, haina haja ya kuvutwa yote.

Wenye Volkswagen Beetle za volti 6 wananiuliza sana kama nao wana matumaini. Wanayo. Kuna vigeuzi vya kupandisha volti 6 kuwa 12, lakini kumbuka ampea zinazoingia ni zaidi ya mara mbili ya zinazotoka, kwa hiyo tumia waya mnene na ridhika na amplifaya ndogo.

Kwa wenye gereji nina ombi moja. Kabla grainda haijawashwa, mwenye gari aitwe, achorewe kwa chaki hasa patakapokatwa, na atie sahihi kwenye risiti kwamba ameona. Kwa gari la baba, asiitwe mtoto, aitwe baba.

Fundi Redio,
Majengo, Mombasa