Mwanangu, kikao umeshakipata?

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi hapa Wete wazima, alhamdulillahi, ila bibi yako goti linamsumbua tangu vuli ilipoanza. Dadaako ameniambia hoteli wamekuita, mwezi ujao unaanza kazi Nungwi. Nimeswali rakaa mbili za shukrani. Halafu nikamuuliza, na kikao cha wanaoacha ulevi je? Akanyamaza. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu kwenye simu unaniitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" mpaka salio linakwisha.

Kikao umeshakipata? Usiniambie utakitafuta ukishazoea kazi. Nauliza sasa, kabla hujafunga begi kutoka hapo soba hausi, nyumba ya kuachia ulevi. Hapo vikao vimo humo humo ndani, ukichelewa unaitwa. Nungwi nani atakuita? Wewe utakuwa jikoni na baa iko ukuta wa pili, na mshahara wa kwanza utaupokea ukiwa peke yako. Ya Idi mosi mwaka jana sina haja ya kukukumbusha. Ramadhani nzima hukugusa kitu, na sote tukasema yamekwisha.

Dadaako anasema hutaki kwenda kukaa na mateja, ati wewe ulikunywa tu, unga hukuugusa. Mwanangu, kiburi hicho kiache. Huko Unguja wengi wanaokaa vikaoni ni waliotoka kwenye unga, na mlango wa kwanza utakaoukuta wazi huenda ukawa wa kwao. Mshauri wenu alinieleza nilipokuja kukutazama: kwa hao wa NA (Narcotics Anonymous), chama cha wanaoacha vilevi, pombe nayo ni kilevi kama vilevi vyengine, na aliyetoka kwenye pombe anakaa kiti kile kile. Sharti lao ni moja, uwe unataka kuacha. Hawatozi ada, na jina moja linatosha. Unaogopa kukutana na mtu wa kwetu Wete? Ukimkuta wewe, naye amekukuta.

Hao wa pombe peke yake, AA (Alcoholics Anonymous), wameanza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Walikuwa wawili, mmoja mtu wa biashara ya hisa, mwenziwe daktari wa upasuaji, wote pombe imewachezea. Yule wa hisa alikuwa na miezi michache tu tangu aache. Alikuwa ugenini, biashara imemharibikia, yuko hotelini na baa anaiona kwa macho yake. Akakamata simu kutafuta mlevi mwenziwe wa kuzungumza naye, ndipo akaelekezwa kwa yule daktari. Hotelini, mwanangu! Kama utakapokuwa wewe. Mimi mamaako naweza kukuombea dua na kukupikia, lakini alichokipata yule bwana kwa mlevi mwenziwe mimi sina.

Ami yako anasema mambo haya ni ya kanisani. Nimeuliza. Wanamtaja Mungu kama kila mtu anavyomfahamu, dini ya mtu hawaiulizi. Kikao kikisha, kaswali isha yako.

Na usiwe wa kukaa nyuma, ukasikiliza, ukaondoka. Tafuta mtu mzima aliyekaa miaka bila kunywa, muombe awe sponsa wako, yaani wa kukushika mkono usirudi kunywa, namba yake uihifadhi. Siku gari zikikatika na mjini hufiki, vipo vikao vya kwenye simu, vya Zoom, na kamera unaruhusiwa kuizima. Kiingereza cha watalii unacho. Saa ndiyo uziangalie: kikao cha London cha saa moja jioni kwao, kwetu ni saa nne usiku wakati wa baridi yao, na saa tatu wakati wa joto. Lakini hicho kiwe cha siku ya dharura. Nataka ukae na watu wanaokuona uso.

Jambo moja jengine. Mungu apishe mbali, lakini ukirudi ukanywa siku nyingi, usiache ghafla ukajifungia ndani. Mikono ikitetemeka, jasho likakutoka, ukaona visivyokuwepo au ukaanguka kifafa, hiyo ni hospitali, wala usingoje asubuhi. Mtu hufa kwa hilo. Humu ndani watu walidhani kufunga mlango ni dawa. Ufunguo wa chumba cha uani nimeutupa.

Najua unavyojitahidi. Huyo mpishi mkuu hakukuchukua kwa huruma, ameonja pweza wako wa nazi. Nimewaambia majirani wote, na kichwa nimekiinua. Sasa kikao.

Karafuu mwaka huu zimezaa. Wachumaji wamepandisha bei ya pishi, na juzi mvua ilitukuta zimeanikwa, tukakunja majamvi mbio, dadaako akachanganya makonyo na karafuu, tukarudia kuchambua mpaka usiku. Bati la jiko bado linavuja. Usilitumie pesa, ami yako ataliziba.

Tukishauza gunia la kwanza nitakutumia nauli ya Nungwi na Mjini, kwenda na kurudi, ya mwezi mzima. Hiyo ni ya kikao, usinunulie vocha. Ijumaa baada ya sala nipigie, unitajie siku, saa na mahali. Ukinijibu "ndiyo mama", nakata simu nampigia mshauri wako.

Wasalaam,
Mamaako