Tuambieni kila kata ina askari wangapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo lililonikaa rohoni tangu nilipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya ulinzi shirikishi ya mtaa wetu, huku pembezoni mwa Jiji la Arusha, upande wa kusini. Mtaa wenyewe sitautaja, kwa sababu ninayoyaeleza si ya mtaa mmoja. Nenda Muriet, Olasiti, Moshono, Olmoti au Terrat, uliza akina mama wanaoshuka kwenye daladala saa mbili usiku wakitoka sokoni, utasikia habari zinazofanana na zetu.

Kazi ya katibu ni daftari. Naandika nani yuko zamu, kaya zipi zimetoa shilingi 2,000 ya mwezi, na usiku umepitaje. Mlango umevunjwa, mtungi wa gesi umeondoka. Dereva wa bodaboda kapokonywa pikipiki na abiria wake mwenyewe. Mama kaporwa mkoba na vijana wawili waliopakiana kwenye pikipiki isiyo na namba. Pembeni mwa kila tukio nimechora safu ya namba ya RB ya polisi, kuonyesha kama mhusika alifika kituoni akaandikisha. Safu hiyo, Mhariri, ina nafasi tupu nyingi kuliko zilizojazwa.

Sababu zake hazijifichi. Kwenda na kurudi ni nauli mbili za bodaboda, na biashara ya siku hiyo imekufa. Mwenye genge la nyanya hawezi kuliacha kwa ajili ya mtungi ambao ameshaupigia hesabu ya kuukosa. Mimi mwenyewe nilipoporwa mkoba mwaka jana, ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha taifa na kadi ya benki. Nilichohitaji haraka ni taarifa ya upotevu ili nipate vingine, basi nikaandikisha kwamba vimepotea. Havikupotea. Nilivutwa mkoba hadi nikaanguka kwenye mtaro, na goti linaniuma mpaka leo nikipanda ngazi. Lakini kwenye karatasi za serikali mimi ni mama mzembe aliyepoteza kadi, na mwizi wangu hayupo kabisa.

Kwa hiyo redio inaposema matukio ya uhalifu yamepungua, sisemi ni uongo. Nasema kilichohesabiwa ni kile kilichofika kaunta. Na kadiri kaunta inavyokuwa mbali na watu, ndivyo hesabu inavyopungua, hata kama wezi wameongezeka. Kata isiyo na askari inaweza kuonekana tulivu kuliko zote kwenye taarifa, halafu utulivu huo wa karatasini ukawa ndio sababu ya kutopelekewa askari.

Nitende haki upande wa pili pia, maana majirani zangu wengine husema Arusha imeharibika, mji wa zamani ulikuwa na amani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Sensa ya 2022 ikahesabu 617,631. Ni watu 201,189 walioongezeka ndani ya miaka kumi, karibu nusu ya wale waliokuwapo. Jirani zetu wa Manispaa ya Moshi, katika miaka hiyohiyo, walitoka 184,292 wakafika 221,733. Maana yake sisi tumeongeza mji mzima wa Moshi wa mwaka 2012 na ziada juu yake, ndani ya jiji hilihili. Penye watu wengi zaidi lazima matukio yawe mengi zaidi, hata kama hatari ya mtu mmoja mmoja haikubadilika. Nyumba zikivunjwa 300 mwaka 2012 na zikavunjwa 300 tena mwaka 2022, kwa idadi ya watu hatari imeshuka kwa karibu theluthi moja. Nimetoa mfano tu, lakini unaonyesha kwa nini idadi tupu ya matukio haitoshi. Igawanywe kwa watu, na igawanywe kata kwa kata, maana wastani wa jiji unaweza kushuka kwa sababu katikati kuna taa na doria, huku pembezoni tukizidi kuvunjiwa.

Na hesabu ya askari ifanywe hivyohivyo. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni askari mmoja kwa watu 450. Si sheria, ni kipimo cha mazoea, lakini tukitumie. Kwa watu wa 2012 Arusha ilihitaji askari wapatao 925. Kwa watu wa 2022 inahitaji zaidi ya 1,370. Kubaki palepale tu, bila kuboresha chochote, ilibidi waongezwe askari kama 450.

Hata hao 1,370 wangekuwepo wote, msidhani wako barabarani. Wiki ina saa 168. Askari akifanya kazi saa 48 kwa wiki, sehemu moja inayolindwa usiku na mchana inataka askari watatu na nusu, na ukiweka likizo, ugonjwa na mafunzo wanakuwa wanne au zaidi. Toa trafiki, toa wapelelezi, toa wanaosindikiza mahabusu mahakamani, toa wanaolinda benki na misafara ya wageni. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni mji wa mikutano na watalii, kuna hata kituo maalumu cha polisi cha utalii na diplomasia. Silalamikii hilo, watalii ndio wanaowapa watoto wetu mkate. Ila askari anayemlinda mgeni hotelini hawezi saa hiyohiyo kuwa kwenye kichochoro chetu, na kipimo cha watu 450 hakikumhesabu mgeni.

Miaka ya karibuni Jeshi la Polisi limepeleka wakaguzi kwenye kata, na ni jambo jema sana. Mkaguzi wetu tunamfahamu kwa jina, amekaa na vijana wa kijiweni, amezungumza na wanafunzi, simu yake inapokelewa. Lakini Jiji lina kata 25. Gawanya, utapata wastani wa watu 24,700 kwa kata moja. Mkaguzi mmoja kwa watu 24,700 atawapa elimu na kuwapatanisha wanaogombana. Kuwalinda usiku hawezi.

Juni iliyopita, ule msimu ambao ukungu unashuka hadi juu ya mabati, vijana wetu wa zamu walimkamata kijana mmoja saa saba usiku akiwa na mtungi wa gesi begani. Filimbi ikapigwa. Nilipofika walikuwa wameshajaa watu zaidi ya mia, na mmoja ameshaleta tairi. Nikapiga simu kituoni. Aliyepokea alinijibu kwa adabu kabisa: zamu wapo wawili, mmoja kaunta na mmoja analinda mahabusu, na gari limekwenda kwenye ajali. Akaniomba tumzuie mtuhumiwa asipigwe mpaka msaada upatikane.

Tumzuie. Watu mia, gizani, kila mmoja ana kitu chake kilichoibiwa ambacho hakijawahi kupatikana. Mwenyekiti alisema mpaka sauti ikakauka. Aliyemwokoa yule kijana ni bibi mmoja wa Kimeru, jirani yetu, aliyevua shuka lake akamfunika, kisha akakaa chini ubavuni pake kwenye tope. Ukirusha jiwe unampiga bibi. Alikaa hapo karibu saa mbili katika baridi ile. Askari alipofika alikuwa mmoja, amekuja na bodaboda ambayo nauli yake alitoa mwenyekiti mfukoni, na waliondoka mishikaki: dereva mbele, mtuhumiwa katikati, askari nyuma. Asubuhi tukaambiwa kijana ana miaka 19.

Angeuawa, magazeti yangeandika "wananchi wenye hasira kali". Nilikuwepo, Mhariri. Hasira ilikuwepo, ndiyo, lakini kilichokuwa kikituponza ni muda. Dakika kumi za kwanza wengi walikuwa wanataka tu apelekwe kituoni. Kadiri saa zilivyokwenda bila taa ya gari kuonekana, ndivyo wale wa tairi walivyozidi kusikilizwa. Askari wawili na gari ndani ya dakika 20, na bibi yule angelala kitandani kwake. Simlaumu yule askari. Alikuwa amechoka, lakini alituamkia kwa heshima na akamshukuru bibi mbele ya watu wote.

Sisi wa ulinzi shirikishi hatukatai wajibu. Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) mstaafu, Said Mwema, alipoanza kuhimiza polisi jamii baada ya kushika nafasi hiyo mwaka 2006, wazo lilikuwa polisi na wananchi wafanye kazi pamoja. Jina lenyewe linasema kushirikiana. Hali tuliyonayo ni ya mshirika mmoja. Vijana wetu wana rungu, tochi na filimbi, hawana mafunzo ya maana, hawana bima, na wakikosea kumpiga mtu ni wao watakaosimama kizimbani.

Ninachoomba kwa wakubwa ni kitu kidogo kuliko bajeti. Bandikeni kwenye ofisi ya kila kata, ubaoni pale panapobandikwa mapato na matumizi, idadi ya watu wa kata kwa sensa, idadi ya askari wanaoihudumia kwa kila zamu, na matukio ya mwaka yaliyoandikishwa. Mistari mitatu. Nimewahi kumwambia hivyo kiongozi mmoja kwenye mkutano wa hadhara, akanijibu kwamba idadi ya askari ni siri ya usalama, wahalifu wataitumia. Wahalifu wanaijua, ndugu yangu. Wanaijua kwa kulala macho na kuhesabu gari linapita mara ngapi. Wasioijua ni sisi tunaolipa kodi, na diwani wetu anayetakiwa kutusemea.

Idadi hiyo ikishakuwa wazi, askari wapya wanaotoka mafunzoni wagawanywe kwa kuifuata, waanzie pale penye pengo kubwa. Na Halmashauri nayo isijitoe kwa kusema polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ni kweli haiajiri askari. Lakini Katiba yetu, Ibara ya 146, inazipa serikali za mitaa kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi, na ardhi wanaipanga wao. Huku kwetu mashamba ya mahindi yamekatwa viwanja vya 20 kwa 20 mpaka kwenye korongo. Hakuna aliyetenga kipande cha kituo wala cha nyumba za askari. Leo mkaguzi wetu anapanga chumba mbali na anakotumikia, na tukiitwa kuchangia matofali ya kituo, swali la kwanza ni yatawekwa wapi, maana kila nyayo ya ardhi ina mwenyewe. Njia nazo zimebanwa hata gari la polisi likipatikana haliwezi kuingia. Kule ambako bado kuna mashamba, naomba kiwanja cha kituo kipimwe kwanza kabla ya kuuzwa cha kwanza.

Uwanja wa AFCON 2027 uko Olmoti, kata ya pembezoni kama zetu. Wageni watakapokuja najua askari wataletwa, na taa zitawaka. Waletwe. Ombi langu ni kwamba wakati wa kuwarudisha walikotoka, baadhi yao wabakizwe kwenye kata zinazouzunguka uwanja ule, na hilo lipangwe mapema.

Naandika haya leo kwa sababu mwanangu wa pili ametimiza miaka 18 mwezi huu, na kwa utaratibu wetu jina lake limeingia kwenye orodha ya doria. Nililiandika kwa mkono wangu. Zamu yake ya kwanza ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kabla hajatoka mlangoni nataka niweze kumwambia akipuliza filimbi, ni askari wangapi walioko zamu watakaoisikia, na watamfikia kwa usafiri gani.

Mama wa watoto watatu,
Katibu wa ulinzi shirikishi,
Arusha